Foleni Haiishi Kwenye Makutano: Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Magari na Kupanga Muda wa Taa

Taa zinawaka vizuri, rangi zote tatu zipo, lakini ikifika saa 11 jioni askari wa usalama barabarani anaziweka pembeni na kuongoza magari kwa mikono. Makutano ya namna hiyo ni mengi Dar es Salaam, na hata Nairobi hayakosekani. Mara nyingi taa hazina ubovu wowote. Muda uliowekwa kwenye kabati la kuziendesha ndio ulitokana na hesabu mbaya, au haukutokana na hesabu yoyote.

Mwongozo huu ni wa fundi wa halmashauri, mhandisi mchanga au mwanafunzi aliyewahi kupanga muda wa taa, akawasha, na foleni ikabaki palepale. Mfano tutakaoutumia ni makutano ya mdomo tatu: barabara kuu ya njia mbili kila upande, na barabara moja ya mtaani inayoingia ubavuni. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalotoka mjini likitaka kuingia mtaani linakata kulia, mbele ya magari yanayokwenda mjini.

## Vitu vya kuandaa

- Kibali cha mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Za mijini na vijijini zipo chini ya TARURA. Anayekosea hapa hupoteza wiki kadhaa akibisha mlango usio wake.
- Taarifa ya maandishi kwa polisi wa usalama barabarani wa eneo hilo, na kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kama utagusa kituo cha daladala.
- Watu 10: sita wa kuhesabu (mmoja kwa kila mkondo, yaani kila mwelekeo wa magari), watatu wa kupima foleni, mmoja msimamizi.
- Fomu zenye vipande vya dakika 15, kalamu, ubao wa kuandikia, na saa ya kusimamisha. Ya kwenye simu inatosha.
- Tepu ya mita 50, chaki au rangi ya kupuliza, na vizibao vya reflekta kwa kila mtu.
- Kikokotoo. Programu ya kompyuta si lazima kwa makutano ya ukubwa huu.

Siku ya kuhesabu iwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, bila mvua wala msafara wa kiongozi. Jumatatu na Ijumaa zina tabia zake.

## Hatua ya 1: Chora makutano kama yalivyo

Pima upana wa kila njia, urefu wa njia ya kusubiri kukata kulia, umbali wa kituo cha daladala kutoka kwenye mstari wa kusimama, na mahali bodaboda wanapoegesha. Chora yaliyopo, siyo yaliyo kwenye ramani ya ofisini. Kama mama lishe na meza za matunda zimechukua mita moja na nusu ya njia ya kushoto, hiyo njia haipo, na hesabu zako zisiihesabu.

Kisha weka alama za chaki ukingoni mwa barabara kila baada ya mita 50 kurudi nyuma kutoka mstari wa kusimama. Zitakufaa hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Hesabu waliotaka kupita, usiishie kwa waliopita

Hapa ndipo wengi huanguka. Msimamishe mtu kwenye mstari wa kusimama ahesabu magari yanayovuka, na atakuletea idadi ambayo taa yenyewe imeiruhusu. Mkondo wenye kijani kirefu utaonekana una magari mengi, mkondo wenye kijani kifupi utaonekana una machache, na hesabu yako mpya itakurudishia mgawanyo uleule wa zamani. Utakuwa umepima taa, hukupima foleni.

Dawa yake ni kupima urefu wa foleni mwanzoni na mwishoni mwa kila dakika 15. Kanuni:

Waliotaka = waliopita + (foleni ya mwisho − foleni ya mwanzo)

Mfano (namba zikiwa zimeshageuzwa kama hatua ya 3): magari yanayokwenda mjini, 276 yalivuka ndani ya dakika 15. Foleni ilianza na magari 18 ikaishia na 40. Waliotaka ni 276 + 22 = 298. Zidisha kwa 4 upate kiwango cha saa: karibu 1,190. Ungeishia kwa waliopita ungepata 1,104, na yale mengine yangeendelea kujilimbikiza kila robo saa bila kuonekana kwenye karatasi.

Foleni ikiwa ndefu usihesabu gari mojamoja. Gari lililosimama huchukua karibu mita 6 pamoja na nafasi ya mbele yake, kwa hiyo kila mita 50 za njia moja ni kama magari 8. Mpimaji wa foleni anatembea hadi mkia ulipo, anasoma alama ya chaki, anaandika.

Hesabu kwa saa mbili na nusu, mfano saa 10:30 jioni hadi saa 1:00 usiku, kisha chukua robo saa nzito kuliko zote. Wastani wa siku nzima hauna kazi hapa.

Tahadhari: mpimaji wa foleni asisimame katikati ya njia mbili. Bodaboda hupita humo humo, tena kwa kasi.

Umefanikiwa ukiona: katika robo saa nzito, angalau mkondo mmoja una "waliotaka" wengi kuliko "waliopita". Usipouona hata mmoja na foleni ipo mbele ya macho yako, fomu zimejazwa kivivu.

## Hatua ya 3: Geuza kila chombo kuwa gari kipimo

Lori na bodaboda havichukui nafasi sawa. Tumia gari dogo kama kipimo cha 1.0, kisha:

- baiskeli 0.2
- bodaboda 0.33
- bajaji 0.5
- gari dogo, pikapu, Hiace 1.0
- Coaster 1.5
- lori la ekseli mbili 1.75
- basi kubwa 2.25
- semitrela 3.0

Hizi ni namba za kuanzia. Zinapima nafasi barabarani na hazisemi lolote kuhusu watu waliomo. Coaster iliyojaa inabeba watu zaidi ya 30 na kuhesabiwa moja na nusu. Gari la mtu mmoja linahesabiwa moja. Mikondo miwili ikilingana kwa namba, sekunde za ziada nenda uzipe ule wenye daladala.

Takwimu za mfano wetu, kwa saa, zikiwa zimeshageuzwa:

- Kwenda mjini (moja kwa moja na kushoto): 1,190
- Kutoka mjini moja kwa moja: 1,360
- Kutoka mjini kukata kulia kuingia mtaani: 225
- Kutoka mtaani, njia yake nzito zaidi: 375

## Hatua ya 4: Ondoa kizuizi kabla ya kugusa taa

Angalia kinachotokea mbele ya makutano, upande magari yanapotokea. Kama daladala zinapakia mita 15 baada ya taa, kijani chako hakina thamani: magari yatavuka mstari, yatakuta mgongo wa Coaster, yatasimama katikati, na mikondo mingine itazibwa.

Kituo kikae baada ya makutano, umbali wa mita 60 hivi au zaidi, ndani ya kijisehemu kilichochongwa pembeni. Kikikaa kabla ya makutano, daladala inayopakia hufunga njia ya kushoto wakati wa kijani na kuifungua wakati wa nyekundu.

Ukubwa wa kituo unakokotolewa hivi. Daladala 120 kwa saa, kila moja ikisimama dakika moja, ni sekunde 7,200 za kusimama ndani ya saa yenye sekunde 3,600. Kwa wastani zipo mbili kituoni muda wote. Lakini huwa hazifiki kwa mpangilio, huja tatu kwa mpigo, kwa hiyo tenga nafasi 4. Kila nafasi ya Coaster ni karibu mita 10 pamoja na pa kujivuta, jumla mita 40, ukiacha kona za kuingilia na kutokea.

Sasa tazama konda akisubiri ijae. Dakika moja ikawa tatu, na zile mbili za wastani zinakuwa sita. Kituo cha mita 40 kinafurika, daladala ya tano inapakia barabarani. Ndiyo maana kuongeza eneo bila kusimamia muda wa kupakia ni kupoteza zege. Mpe kazi msimamizi wa kituo, aliyekubaliwa na chama cha madereva wa njia hiyo, na muda wa mwisho uandikwe kwenye kibao. Wapiga debe wasiposhirikishwa mapema watakuvuruga siku ya kwanza, kwa kuwa unagusa riziki yao.

Bodaboda nao watafutiwe pa kuegesha palipo karibu na abiria. Ukiwasukuma mita 200 watarudi kesho yake.

## Hatua ya 5: Pima mtiririko kamili

Hiki ni kiwango ambacho foleni inamwagika taa ikiwa kijani na mbele hakuna kizuizi. Vitabu hutoa magari 1,800 hadi 1,900 kwa saa kwa njia moja. Usiazime namba hiyo. Barabara yenye mashimo au mlima mdogo haifiki huko.

Simama kwenye mstari na saa. Kijani kikiwaka, acha magari manne ya kwanza yapite. Hayo yanachelewa kuondoka, na mbele yao kuna kundi la bodaboda. Tairi za nyuma za gari la nne zikivuka, anza saa. Za gari la kumi zikivuka, simamisha. Hapo umepima nafasi sita. Ukipata sekunde 12.6, kila nafasi ni 2.1, na 3,600 ÷ 2.1 ni karibu 1,700 kwa saa.

Rudia kwa mizunguko isiyopungua 15 kwa kila njia (mzunguko ni kuanzia kijani hadi kijani kinachofuata), na utumie foleni za magari madogo pekee. Wanaokata kona huenda polepole zaidi. Kwenye mfano wetu tumepata 1,700 kwa njia ya moja kwa moja, na 1,500 kwa njia za kukata kona.

## Hatua ya 6: Panga zamu na tafuta mzigo

Zamu ni kundi la mikondo inayoruhusiwa pamoja. Makutano yetu yana tatu:

- Zamu A: barabara kuu, pande zote mbili, moja kwa moja.
- Zamu B: upande wa kutoka mjini pekee, moja kwa moja na kukata kulia.
- Zamu C: wanaotoka mtaani.

Mzigo wa mkondo ni waliotaka ukigawa kwa mtiririko kamili:

- A: 1,190 ÷ 3,400 (njia mbili) = 0.35
- B: 225 ÷ 1,500 = 0.15
- C: 375 ÷ 1,500 = 0.25

Wale 1,360 wa kutoka mjini wana mzigo wa 0.40, lakini wanapita A na B zote mbili, zenye jumla ya 0.50. Hawabani mtu. Jumla ya mzigo ni 0.75.

Usiongeze zamu ya nne kwa kumwonea mtu huruma. Kila zamu inakula sekunde ambazo hakuna gari linalotembea.

## Hatua ya 7: Kokotoa mzunguko na kijani

Njano iwe sekunde 3 kwa barabara ya kilomita 50 kwa saa. Baada yake weka sekunde 2 za nyekundu kwa wote, ili gari lililochelewa limalize kuvuka. Ongeza sekunde 2 za madereva kushituka na kuondoka. Muda unaopotea ni 2 + 2 kwa kila zamu, jumla sekunde 12 kwa zamu tatu.

Kanuni ya Webster, ambayo tangu 1958 haijapata mpinzani kwa kazi za mkono:

Mzunguko = (1.5 × muda unaopotea + 5) ÷ (1 − mzigo)

Kwetu ni (18 + 5) ÷ 0.25 = sekunde 92. Weka 90.

Toa 12, zinabaki 78 za kugawa kwa uwiano wa mizigo: A ipate 36, B 16, C 26. Sehemu ya njano hutumika kama kijani, kwa hiyo kijani utakachoingiza kwenye kabati ni pungufu ya sekunde moja: 35, 15 na 25. Jumlisha na njano na nyekundu ya wote, sekunde 15, unapata 90 kamili. Isipojumlika, umekosea mahali; usiwashe.

Hakiki uwezo. Zamu A: 3,400 × 36 ÷ 90 = 1,360, na waliotaka ni 1,190, sawa na asilimia 87.5. B inafika 84, C 87. Lengo ni kubaki chini ya 90.

### Kwa nini mzunguko mrefu unaua makutano

Hili linahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu askari anayeachia upande mmoja dakika nne haoni kosa: anaona magari yanaenda.

Ukiongeza mzunguko kutoka sekunde 90 hadi 240, muda unaopotea unashuka kutoka asilimia 13 hadi 5. Umepata asilimia 8. Angalia ulichotoa. Kwenye mzunguko wa 90 kuna mizunguko 40 kwa saa, na magari 225 ya kukata kulia ni karibu 6 kila mzunguko. Ukiweka nafasi maradufu kwa siku mbaya, unahitaji njia ya kusubiria ya mita 70. Kwenye mzunguko wa 240, ni magari 15 kila mzunguko, na nafasi maradufu ni mita 180. Njia hiyo haipo. Gari la kumi na mbili linasimama kwenye njia ya moja kwa moja, na nusu ya barabara kuu imefungwa. Umepata asilimia 8 ukatoa 50.

Isitoshe, foleni ikishamwagika yote, kijani kinachobaki kinapitisha magari yanayofika mojamoja huku upande wa mtaani wakipiga honi.

## Hatua ya 8: Wavukaji kwa miguu

Kwenye makutano ya mdomo tatu hakuna zamu inayofunga barabara kuu yote. Suluhisho ni kisiwa katikati, cha upana wa mita 2 angalau, na kuvuka kwa awamu mbili upande wa mjini wa makutano. Zamu C inasimamisha wanaotoka mjini: njia tatu, mita 10.5. Zamu B inasimamisha wanaokwenda mjini: njia mbili, mita 7.

Tumia mwendo wa mita 1 kwa sekunde panapopita wanafunzi na wazee, 1.2 kwingineko. Kwa mita 1, wanahitaji sekunde 11 na 7, pamoja na sekunde 5 za kuanza: 16 na 12. Zinaenea ndani ya 25 na 15. Zisingeenea, kijani cha magari ndicho kingerefushwa. Mvukaji hakatiwi muda.

Wanaovuka barabara ya mtaani hupewa taa kidogo kabla ya Zamu A, ili wawe wameshaingia kivukoni kabla ya anayekata kushoto hajafika.

## Hatua ya 9: Washa, na umtoe askari polepole

Chora boksi la njano, eneo ambalo gari haliruhusiwi kusimama, katikati ya makutano kabla ya kuwasha. Kisha kaa na mkuu wa askari wa zamu na umwonyeshe hesabu ya mita 70 na mita 180. Hoja hiyo huwaingia kuliko kanuni yoyote.

Siku tatu za kwanza askari awepo, kazi yake ikiwa kulinda boksi na kituo, taa isiguswe. Aruhusiwe kuingilia kwa mambo matatu: ajali, gari la wagonjwa au zimamoto, na njia ya mbele iliyojaa hadi kwenye boksi.

Kama kuna taa nyingine jirani, ipe mzunguko uleule. Umbali wa mita 400 kwa kilomita 40 kwa saa ni sekunde 36: kijani cha pili kianze sekunde hizo baada ya cha kwanza, kikitangulia kidogo kama huko mbele kuna foleni inayosubiri.

## Hatua ya 10: Pima matokeo

Usiulize watu kama foleni imepungua. Chukua muda wa saa nzima jioni, mizunguko 40, na uhesabu mingapi iliacha gari lililokuwepo kabla ya kijani kuwaka. Ikizidi 10 kwenye mkondo wowote, rudi hatua ya 5 upime mtiririko wa mkondo huo upya. Mara nyingi utakuta daladala imerudi kule ulikoitoa.

Dalili nyingine na chanzo chake:

- Zamu C inabaki na kijani kitupu: ulihesabu siku ya gulio au mnada. Punguza sekunde 4, zipe A.
- Wanaokata kulia wanavamia wakati wa nyekundu: kijani cha B hakitoshi, au njano imewekwa sekunde 2.
- Asubuhi foleni imegeuka upande: umetumia mpango mmoja kwa siku nzima. Tengeneza angalau mitatu: asubuhi, mchana, jioni. Usiku mzunguko wa sekunde 50 hadi 60 unatosha.

## Hesabu ikikataa

Mzigo ukifika 0.90, kanuni inakupa mzunguko wa sekunde 230. Ukifika 0.95, 460. Taa haziwezi tena kukusaidia, na hapo ndipo watu huanza kudai daraja la juu.

Kabla ya hapo jaribu kufuta zamu. Kataza kukata kulia kwenye makutano, magari yaende mbele mita 300 hadi 400 yageuze na kurudi kukata kushoto. Zamu B inaondoka na mzigo wake wa 0.15, na sekunde 4 zinarudi. Ila wanaogeuza watapita makutano mara mbili. Kwanza moja kwa moja na wanaotoka mjini, ambao sasa wana Zamu A pekee: 1,360 + 225 = 1,585, gawa kwa 3,400 upate 0.47. Kisha na wanaokwenda mjini: 1,190 + 225 = 1,415, yaani 0.42. Mzigo mkubwa ndio unaotumika. Jumlisha 0.47 na 0.25 ya mtaani: 0.72 badala ya 0.75. Kivuko nacho kipangwe upya, maana nusu yake ilitegemea Zamu B.

Pa kugeuzia pawe na upana wa kutosha lori. Pakiwa pembamba, semitrela moja ikikwama inafunga pande mbili. Kwenye barabara zenye njia ya mwendokasi katikati, kama Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kugeuza kunakata njia ya mabasi ya mita 18, kwa hiyo pa kugeuzia pawe na taa yake.

Daraja la juu lina nafasi yake pale mikondo mikubwa inapokatana, kama Tazara, palipofunguliwa daraja la Mfugale 2018, au Ubungo, daraja la Kijazi, 2021. Ila magari yanayopita juu bila kusimama yanashuka yakiwa pamoja na kuelekea taa inayofuata. Ukipanga daraja, hesabu pia makutano mawili ya kila upande, kwa fomu zilezile za hatua ya 2.

Rudia hesabu nzima kila mwaka, na wakati wowote soko, shule kubwa au stendi inapofunguliwa ndani ya kilomita moja.